Galu, Garoda au Mambrui: pa kurushia kaiti kwa anayetoka Nairobi

Kila ifikapo Juni, na tena kila Desemba, napokea ujumbe ule ule kutoka kwa rafiki wa Nairobi ambaye amemaliza mafunzo na amejinunulia kaiti yake ya kwanza: sasa niende wapi? Wengi huwa wameshaangalia picha za fukwe na programu ya upepo kwenye simu, na kilichobaki ni kuchagua panapovuma zaidi. Mimi huwarudishia swali. Ukishindwa kuidhibiti hiyo kaiti, upepo utakutupa juu ya nini?

Kaiti ninayoizungumzia ni tiara kubwa ya kitambaa, mita za mraba 9 au 12, inayomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliisajili hataza ya kaiti yenye kingo za kujazwa hewa mwaka 1984, na shabaha yao ilikuwa iweze kuelea na kuinuka tena ikianguka majini. Kwenye maji ya kina, kuanguka ni jambo la kawaida. Unaumia nchi kavu, katika zile dakika mbili za kuirusha na zile mbili za kuishusha, ukiwa umefungwa kwa mkanda wa kiunoni na kamba zenye urefu wa mita 20 hadi 24. Na upepo hauongezi nguvu kidogo kidogo kama tunavyodhani. Ukipanda kutoka noti 15, yaani kilomita 28 kwa saa, hadi noti 20, yaani kilomita 37, mvuto unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ukipanda maradufu, mvuto unakuwa mara nne.

Mabaharia wa Pwani wana maneno mawili ambayo ningependa kila mcheza kaiti ayajue. Joshini ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande upepo unakoelekea. Demani ndiko utakakoburutwa jambo likiharibika, kwa hiyo huko ndiko kwa kutazama kwanza. Kipimo changu ni mita 100 za wazi upande wa demani: pasiwe na ukuta, mti, mashua wala mtu aliyelala juu ya taulo. Joshini nako hakupuuzwi. Jengo au safu ya minazi ya mita 10 huuvuruga upepo kwa mita 70 hadi 100 nyuma yake, na kaiti iliyo ndani ya kivuli hicho hulegea, kisha hupigwa ghafla ikivuta kwa nguvu zote.

Niliyajifunza haya kwenye ufuo wa Galu, Pwani ya kusini, mwezi wa Agosti miaka michache iliyopita. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, upepo wa kusi umekolea, na maji yalikuwa yamepanda hadi ufuo umebaki hatua kumi na mbili tu, nilizihesabu baadaye. Kijana aliyenishikia kaiti hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo, nami nilijua, ila nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi na jua lilikuwa linanikimbia. Kamba moja ya nyuma ilikuwa imepita juu ya ncha ya bawa. Hatukuiona. Nilipompa ishara ya dole gumba aliiachia, na kaiti haikupanda. Ilijikunja ikakata upepo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kabla sijatia pumzi nilikuwa nimelala kifudifudi nikiburutwa kuelekea ukuta wa mawe ya matumbawe. Mkono wangu ulitafuta kile kifungulio chekundu cha dharura mara ya kwanza ukakosa, mara ya pili ukakipata. Nilisimama mita tatu kutoka ukutani. Kaiti iliishia kwenye mnazi, imechanika urefu wa mtu mzima, na mama aliyekuwa akiuza kanga kando alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mikono miwili.

Mzee mmoja mvuvi alikuja kunisaidia kukusanya kamba. Hakunigombeza. Alinionyesha ukuta, mahali ambapo chumvi imeacha mstari mweupe, akasema, "Mwanangu, leo ni bamvua. Saa kumi maji yatafika hapa. Ungengoja siku tano ungepata uwanja."

Mwezi kabla ya tiketi

Maneno ya yule mzee ndiyo yanayoamua safari zangu zote sasa, na nashangaa jinsi ambavyo hayasemwi kwetu sisi tunaotoka bara.

Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye Pwani ya Kenya ni kubwa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti hiyo hupita mita 3 na wakati mwingine hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hushuka hadi karibu mita 1. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni saa. Siku za bamvua, maji ya Pwani yetu hujaa kabisa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kwenye saa nne. Alasiri ndipo upepo wa kusi unapokuwa na nguvu na ndipo watu wote wanapotaka kuingia majini. Kwa hiyo wiki ya mwezi mpevu upepo bora na ufuo mwembamba hukutana saa ile ile.

Utasema basi nitarusha asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umetanda. Wakati wa kusi asubuhi ina shida yake: kabla ya saa nne upepo mara nyingi hutoka kusini-magharibi, unapita juu ya nchi na minazi kabla ya kukufikia, umevurugika, na unasukuma kuelekea bahari kuu. Pia maji ya bamvua yakipwa, ndani ya mwamba wa matumbawe hubaki kina cha kifundo cha mguu, na kuanguka hapo ni kuanguka juu ya jiwe. Katika siku hizo dirisha salama ni jembamba, kama saa sita hadi saa nane mchana, upepo ukiwa umeshageukia baharini na maji yako nusu.

Wiki ya nusu mwezi hali ni nyingine kabisa. Mchanga upo mchana kutwa, na alasiri maji yanapwa taratibu badala ya kukusukuma ukutani. Huhitaji hata jedwali la maji la bandari ya Kilindini kuanza kupanga, ingawa ukifika ulisome. Toka nje usiku pale Rongai au Embakasi, angalia juu, uhesabu siku. Na ukumbuke kwamba Idd-ul-Fitr huandama na mwezi mpya, kwa hiyo mapumziko yake siku zote ni bamvua.

Galu na Mambrui

Fukwe hizi mbili ndizo hasa za kulinganishwa, kwa sababu kila moja ina kile ambacho nyenzake imekosa.

Galu, kusini mwa Diani, ina watu. Kuna shule za kaiti, mashua za kuokoa, na vijana wa ufuoni ambao baadhi yao hushika na kupokea kaiti vizuri kuliko watalii wenye miaka kumi kwenye mchezo. Hospitali ziko Diani na Ukunda, dakika chache kwa gari. Mwamba wa matumbawe uko mbele ya ufuo na unavunja mawimbi makubwa, kwa hiyo maji ya ndani ni tulivu. Kusi hupiga kutoka mkono wako wa kulia ukitazama bahari, kaskazi kutoka kushoto, na misimu yote miwili upepo huelekea kidogo nchi kavu. Kamba ikikatika au kaiti ikikataa kuinuka, utarudi ufuoni mwenyewe ukielea. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini huko kuelekea nchini ndiko ziliko kuta za hoteli na za nyumba za kukodi, minazi iliyoinamia mchanga, na vitanda vya kuotea jua. Ufuoni wanapita ngamia wanaobeba watalii, wauza vinyago, watoto wanaocheza mpira. Ngamia akiiona kaiti inapanda ghafla mbele yake, hakuna anayeweza kusema atafanya nini, na juu yake kuna mtoto wa mtu. Kadiri unavyokwenda kusini kuelekea Kinondo majengo hupungua na nafasi huongezeka. Mimi siku hizi hutembea na begi mgongoni hadi huko hata kama wenzangu wamesharusha mbele ya hoteli. Dakika ishirini za kutembea kwenye mchanga, begi likiwa na kilo kumi na tano, si raha. Nazitembea.

Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ina nafasi. Ufuo ni mpana, nyuma yake kuna vilima vya mchanga, na sehemu kubwa haina ukuta wowote. Ukiburutwa mita 60 pale unasimama unajikung'uta mchanga. Kwa kurusha na kushusha, hakuna mahali ninapopajua kwenye Pwani yetu panaposamehe kama pale. Bamvua haikufungii mlango kama Galu, kwa hiyo kama likizo yako haiwezi kuhamishwa na imeangukia mwezi mpevu, hili peke yake linatosha kukupeleka kaskazini.

Upungufu wake ni upweke. Ukitoka kwenye kambi za kaiti unaweza kukaa saa nzima bila kumwona mtu, na mashua ya kukufuata haipo labda uwe umeipanga. Mawimbi yanakufikia moja kwa moja zaidi. Wakati wa kaskazi, demani yako ni kusini-magharibi, kuelekea mahali Mto Sabaki unapoingia baharini, na kwenye mdomo ule kuna viboko. Ni kilomita kadhaa, lakini mtu aliyepoteza ubao na anayeelea na kaiti iliyozimika husafiri mbali kuliko anavyodhani. Jeraha lolote la maana linamaanisha gari hadi Malindi.

Kwa hiyo swali linakuwa wewe ni nani. Anayeanza, ambaye bado anahesabu kamba kwa kidole na hajawahi kuvuta kifungulio cha dharura kwa hofu ya kweli, aende Galu, wiki ya nusu mwezi, alipie shule imshikie kaiti na imwangalie akiwa majini. Wapo wanaomshauri anayeanza aende kwenye nafasi kwanza. Sikubaliani nao. Anayeanza hupata matatizo pia akiwa mita 300 kutoka ufuoni, na huko kilima cha mchanga hakimsaidii. Mwenye uzoefu wa msimu mmoja au miwili, anayeweza kurudi joshini bila kusaidiwa, na anayesafiri na mwenzake anayejua kushika kaiti, Mambrui itamfaa zaidi. Mwenye uzoefu anayesafiri peke yake bado ningempeleka Galu.

Garoda, Watamu

Watamu iko katikati kwa ramani, na ningesema hata kwa hatari. Garoda ni ufuo mpana kuliko Diani, majengo yamekaa nyuma zaidi, na wacheza kaiti si wengi kiasi cha kamba kupishana. Kinachonifanya niwe makini pale ni mambo mawili yanayobadilishana kwa msimu. Wakati wa kaskazi, demani ni mdomo wa Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambapo hori lote hutoa maji yake kwa mlango mmoja. Yakianza kupwa, hasa siku za bamvua, mkondo wake una nguvu ya kumshinda muogeleaji yeyote, nao unatoka kuelekea bahari kuu. Wakati wa kusi, demani ni kaskazini, ambako kuna vile visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoliwa chini na mawimbi, vikali kama nyembe. Picha zake nzuri zimejaa simu za watu wa Nairobi. Kwa mcheza kaiti ni kuta.

Sheria yangu ya Garoda wakati wa kaskazi: ninaingia maji yakiwa yanajaa, na ninatoka yanapofika juu. Nikikosa wakati huo, siingii. Aidha Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na kasa hutaga mayai ufuoni, kwa hiyo kabla ya kutandika kamba waulize wenyeji sehemu inayoruhusiwa.

Maji ya karibu na nyumbani

Kila mwaka kuna anayeniuliza kuhusu Naivasha. Naelewa, ni mwendo wa saa mbili, na alasiri upepo huvuma kweli. Jibu langu ni hapana, na nalitoa kwa moyo wote. Maji yalipopanda kufikia 2020 yalimeza migunga ya kando ya ziwa, na miti mikavu imebaki imesimama ndani ya maji, kila mmoja ukingoja kamba. Magugu maji husukumwa na upepo hadi mahali ulipodhani ni wazi asubuhi. Nyavu za wavuvi zipo. Upepo wenyewe unashuka kutoka milimani kwa mapigo yasiyolingana. Pale mita 1,884 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo mtu hujikuta akichukua kaiti kubwa zaidi ili imvute, kisha pigo kali linamkuta na kaiti asiyoimudu. Sijataja bado viboko, ambao jioni ndipo wanapokaribia ukingo, saa ile ile unapotaka kushusha.

Turkana ni suala jingine. Upepo wake ni miongoni mwa ulio thabiti zaidi duniani, ndiyo maana mitambo 365 ya umeme imesimikwa karibu na Loiyangalani. Lakini upepo huo hutoka kusini-mashariki, na Loiyangalani iko ukingo wa mashariki. Maana yake upepo unatoka nchi kavu na kuingia ziwani. Ufuoni maji yanaonekana tulivu na ya kupendeza kwa sababu hiyo hiyo. Kaiti ikizimika unapelekwa katikati ya ziwa lenye mamba, na mashua za kukufuata ni chache. Sipendekezi kwa yeyote asiye na mashua yake na nahodha anayemjua.

Vilima vya Ngong vina upepo, ndiyo, na vina mitambo na nyaya za umeme. Kaiti ya mazoezi ya mita za mraba 2 irushwe kwenye uwanja mpana usio na waya hata mmoja.

Kufika kwenyewe

Kwa Galu, treni ya asubuhi kutoka Syokimau inakufikisha Miritini mchana, na barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya kivuko cha Likoni. Ndege ndogo za Wilson hadi Ukunda ni za haraka, ila kikomo chao cha mzigo ni kidogo, na nimewaona watu wakiacha helmeti na jaketi la kuokolea nyumbani ili begi lipite. Kama lazima kitu kibaki, kibaki viatu vya jioni. Kwa Watamu na Mambrui utaruka hadi Malindi, au uongeze saa mbili tatu za gari kutoka Mombasa.

Popote utakapochagua, fika na ukae nusu saa bila kufungua begi. Tazama wengine wanarushia wapi na, zaidi ya hapo, wanashushia wapi. Tazama upeo wa bahari upande wa joshini: wingu jeusi lenye pazia la mvua chini yake huja na upepo unaoweza kupanda maradufu kwa dakika moja, na kaiti inatakiwa iwe imeshushwa na kuwekewa mchanga juu kabla halijafika. Mtu atakayekushikia kaiti, mwombe akuonyeshe anavyoishika. Tembea kando ya kamba zote kutoka usukani hadi bawa, uziguse moja moja. Irushe ikiwa upande wa maji, iinue polepole, na ikifika nusu ya njia ingia majini mara moja, uondoke ufuoni. Siku nisipopata mtu wa kunishikia, siku hizo huwa natembea tu.

Agosti hii narudi Galu. Nusu mwezi ya kwanza iko karibu na siku zangu za likizo, nami nimeomba ofisini nizisogeze kwa siku tatu zifuate mwezi. Yule kijana aliyenishikia kaiti siku ile sasa ni mwalimu msaidizi katika shule mojawapo, na tumebaki kuwa marafiki. Nimemwomba anipigie picha ya ufuo mbele ya ule ukuta, saa kumi jioni, siku mbili kabla sijalipia treni, nione mchanga umebaki kiasi gani.